Mhafidhina Anahifadhi Nini?

Katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea vinavyolitazama bonde la Mbwemkuru, ukitaja neno hifadhi watu hawafikirii siasa. Wanafikiria tembo. Hifadhi ndiko wanakotoka, na shamba la mtu ndiko wanakoamkia, mihogo imeng'olewa na matawi ya mikorosho yamelala chini pamoja na mabibo yake. Ndiyo maana mpwa aliposema kwamba Kassim Majaliwa ni mhafidhina, mjomba wake aliweka kikombe cha kahawa chini, akauliza neno hilo limetoka wapi, na kama ni sifa au ni tusi.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tatu. Sikuzipa majina kwa kuwa si za watu watatu tu. Mjomba ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika; ameandika stakabadhi za korosho mpaka kidole kikaota sugu. Mpwa ni binti wa dada yake, anasoma sheria Dodoma, yuko nyumbani likizo. Mama ni huyo dada mwenyewe, mwenye mikorosho aliyoachiwa na mama yake na shamba la ufuta alilolifungua kwa mikono yake. Msomaji wa mbali aelewe jambo moja: kwa Wamwera na majirani zao wa kusini, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si jamaa wa kutembelewa sikukuu. Neno lake ndilo lililokuwa likiozesha, likigawa ardhi, likimaliza ugomvi. Mpwa kumwambia mjomba wake "hapana" ni jambo zito. Nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu ndilo hasa linalozungumzwa hapa.

MPWA: Si tusi, mjomba. Mhafidhina ni mtu anayeamini kwamba kilichokwishasimama kina thamani kuliko kinachoahidiwa. Akikuta mkorosho wa babu yake haukati eti kwa kuwa ameletewa miche mipya. Anaheshimu ngazi, anapenda utaratibu, hapendi kelele. Marekani wana maseneta wa namna hiyo wanaokaa bungeni miaka thelathini. Sisi tulikuwa na mmoja wetu, miaka kumi na mitano.

MJOMBA: Basi hapo umemsifu. Huyu ni mwalimu wa shule. Aliinuka katika chama cha walimu, akawa mkuu wa wilaya kule Urambo, mwaka 2010 tukamchagua kuwa mbunge wa Ruangwa, akapewa unaibu waziri TAMISEMI akishika elimu. Novemba 2015 Rais Magufuli akamteua Waziri Mkuu, Bunge likamthibitisha kwa kura 258. Nilikuwa nimekaa hapa hapa na redio. Mwanangu, wilaya yenyewe tulikatiwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo Ruangwa ilikuwa jina la mahali unapopita ukienda kwingine.

Niongeze kidogo kuhusu Urambo, maana wazee wa Nachingwea wakilisikia jina hilo hutabasamu kwa uchungu. Urambo, Kongwa na Nachingwea ndizo sehemu tatu ambako serikali ya Uingereza, kuanzia mwaka 1947, ilileta matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza. Zilipotea zaidi ya pauni milioni 36. Nachingwea ilijengewa reli kutoka bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo iling'olewa. Leo mtoto wa Nachingwea huonyeshwa mahali tuta lilipopita. Tutarudi kwenye tuta hilo.

MJOMBA: Tena hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Hana hata wiki mbili kazini, Novemba 2015, akatokea bandarini Dar es Salaam na kukuta makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi. Mwaka 2016 Rais aliposema serikali ihamie Dodoma, jambo ambalo chama kilikuwa kimeliamua tangu 1973, yeye alihamia Septemba mwaka huo huo. Na Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, alikwenda Mnazi Mmoja, akakaa akasikiliza mtu mmoja mmoja, mbele ya kamera, wakimwambia maneno ambayo mimi nisingemwambia hata mwenyekiti wa kijiji. Huo ndio uhafidhina? Basi nipe wahafidhina kumi.

MPWA: Sikatai hata moja. Nauliza alisikiliza kwa niaba ya nani. Kariakoo alisikiliza kwa niaba ya Rais. Sisi tulimtuma asikilizwe kwa niaba yetu.

MJOMBA: Na alisikilizwa. Lami ya kutoka Nanganga mpaka Ruangwa, kilomita 53, umekuja nayo juzi umelala njia nzima. Zamani ungefika na vumbi mpaka kwenye meno. Uwanja wa mpira una jina lake, Namungo ikapanda Ligi Kuu 2019, ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya Ruangwa! Watu wa Angola na Morocco walitafuta ramani.

MPWA: Mjomba, Liwale ni wenzetu. Ushirika mmoja, RUNALI: Ruangwa, Nachingwea, Liwale. Korosho zetu zinauzwa mnada mmoja. Miaka yote hiyo mtu wa Liwale mvua ikinyesha alilala njiani na mgonjwa wake. Kosa lake lilikuwa nini? Mbunge wake hakuwa Waziri Mkuu.

Hapo mjomba alinyamaza kidogo. Nami nilinyamaza, kwa sababu binti alikuwa amegusa kitu ambacho sisi waandishi tunakipita kila siku tunapoandika kwamba mbunge fulani "amewaletea" wananchi barabara. Tunaandika kana kwamba barabara ni zawadi kutoka mfukoni mwake. Tungekuwa waaminifu tungeuliza kwa nini jirani hakuletewa.

Mama alikuwa akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

MAMA: Mnaongea barabara. Ongeeni 2018.

Mwaka 2018 lazima uelezwe vizuri, kwa sababu kusini nzima inauhesabu kama watu wengine wanavyohesabu mwaka wa njaa. Korosho ghafi zikisafirishwa nje hutozwa ushuru, na kwa sheria iliyokuwapo asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao: miche, utafiti na zaidi ya yote pembejeo. Mkorosho usipopulizwa salfa wakati maua yanapotoka, ubwiri unga unayakausha na msimu umekwisha kabla haujaanza. Katika Bunge la bajeti la Juni 2018 serikali ilipeleka mabadiliko ya kuzihamishia fedha zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walisimama kupinga, na baadhi yao walikuwa wa CCM hasa: Nape Nnauye wa Mtama, Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini. Walisema kwa sauti ya kusikika. Mabadiliko yakapita. Na msimamizi wa shughuli za serikali ndani ya Bunge hilo alikuwa mbunge wa Ruangwa, ambaye wapiga kura wake wanaishi kwa korosho na ufuta.

Miezi minne baadaye, minada ilipofunguliwa, wanunuzi walitaja bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba 10 Rais aliwaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Novemba 12 akaamuru serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi liisombe.

MAMA: Siku ile nilipiga vigelegele, sitaficha. Elfu tatu na mia tatu! Nilisema sasa tumepata baba. Malori ya jeshi yakaja, vijana wana adabu, wakabeba. Halafu ukaja uhakiki. Shamba lako liko wapi. Mikorosho mingapi. Jirani yako nani. Mwenye kilo nyingi akaonekana mtu wa kangomba, kama vile mkulima hawezi kupata vizuri bila kuwa mlanguzi. Mimi kilo zangu si nyingi, nikahakikiwa, nikaambiwa subiri. Nilisubiri mpaka palizi, fedha haijaingia benki. Salfa ya msimu uliofuata nilinunua kidogo kwa mkopo. Miti ya bondeni sikuipulizia. Huyu binti alikaa nyumbani muhula mmoja.

MPWA: Sikumbuki ukilalamika, mama.

MAMA: Kwa nani?

Neno kangomba wengi wa kaskazini hawalijui. Ni ununuzi wa kichochoroni: mtu ana shida mwezi wa saba, mgonjwa au ada, anauza korosho ambazo bado ni maua, kwa bakuli, kwa bei ya kuhuzunisha. Ni unyonyaji wa kweli na serikali ilikuwa na haki ya kuuchukia. Lakini aliyeuza kwa kangomba ni yule yule maskini, na uhakiki ulipowabana wanunuzi wa kangomba, foleni ilimbana kila mtu.

MJOMBA: Dada, hata mimi iliniuma. Ila tuwe wa haki. Waziri Mkuu hakukaa kimya, alizunguka kusini, aliwapa wanunuzi muda wa kujirekebisha kabla Rais hajaamua. Na hesabu isiishie 2018. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000, zikashuka, ndiyo. Kuanzia 2021 tukaanza kupewa salfa bila malipo, na msimu wa 2024/25 nchi imevuka tani 500,000. Nani alikuwa Waziri Mkuu korosho ziliposhuka? Yeye. Nani alikuwa Waziri Mkuu zilipopanda? Yeye yule. Huwezi kuchukua mkono mmoja ukaacha mwingine.

MPWA: Ndivyo ninavyosema, mjomba! Alikuwa yeye yule. Rais mmoja aliondoa fedha za pembejeo, yeye akatetea. Rais mwingine akarudisha, yeye akatetea. Si kwamba hana akili yake mwenyewe, hatukuwahi kuisikia. Katiba yetu, ibara ya 51, inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo. Ibara ya 52 inamfanya msimamizi wa shughuli za serikali bungeni. Kanzu moja, watu wawili ndani. Siku jimbo na Ikulu vinapokosana, mmoja wao lazima anyamaze, na tunajua ni yupi.

MJOMBA: Kwa Wamarekani wako je?

MPWA: Kule seneta haruhusiwi kushika wadhifa serikalini akiwa bado seneta. Kila jimbo, kubwa au dogo, lina maseneta wawili, kila mmoja kwa kipindi cha miaka sita. Rais hawezi kumfukuza. Nilisoma habari za mmoja, Barry Goldwater wa Arizona, alizaliwa mwaka 1909. Mhafidhina wa wahafidhina. Aligombea urais 1964, akashindwa vibaya, majimbo sita tu. Agosti 1974 Rais Nixon, wa chama chake mwenyewe, alikuwa amebanwa na kashfa ya Watergate. Goldwater na viongozi wawili wa chama katika Bunge lao walikwenda Ikulu wakamwambia kura za kumwokoa hazipo. Siku iliyofuata Nixon akatangaza kujiuzulu. Hakuambiwa na wapinzani. Aliambiwa na mhafidhina, mtu aliyeona kwamba kinachohifadhiwa ni nchi na katiba yake, si mtu aliyekaa kwenye kiti.

MJOMBA: Huyo Goldwater si ndiye aliyepiga kura ya kukataa sheria ya haki za watu weusi?

MPWA: Ndiye. Mwaka 1964. Alisema ni mambo ya majimbo, serikali kuu isiingilie. Watu weusi wakabaki na jibu hilo mkononi.

MJOMBA: Sasa unamleta hapa Ruangwa kuwa kipimo chetu?

MPWA: Simleti kuwa mtakatifu. Tendo moja la mtu linaweza kuwa baya kabisa na jingine likawa la kufundisha. Aliyemrithi kiti cha Arizona, John McCain, alifanya jambo la namna hiyo. Usiku wa kuamkia Julai 28, 2017, anaumwa saratani ya ubongo, aliingia ukumbini akageuza kidole gumba chini mbele ya chama chake kizima. Muswada wa kufuta baadhi ya vipengele vya sheria ya bima ya afya ukaanguka, kura 49 kwa 51. Mwaka uliofuata akafariki, na jimbo lake liliendelea kuwa jimbo. Hakuna aliyeng'oa lami ya Arizona.

Nilidhani mjomba ameishiwa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

MJOMBA: Sasa nisikilize mimi, usinikate. Nyinyi mnadhani utii ni woga. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, wiki sita tu baada ya uhuru, akaenda vijijini kujenga chama. Kiti akamwachia Rashidi Kawawa, mtu wa kusini. Kawawa alikuwa na serikali yote mkononi, Nyerere yuko njiani na viatu vya vumbi. Desemba ya mwaka ule ule Nyerere akarudi akiwa Rais, Kawawa akakabidhi. Hakunung'unika, hakukusanya watu wake. Hebu nitajie nchi zilizotuzunguka ambako makamanda na mawaziri walifanya hivyo. Sisi tumelala usingizi miaka sitini kwa sababu kuna watu walikubali kuwa wa pili. Hilo ndilo Majaliwa alilolihifadhi. Marais wawili, mmoja amefia madarakani, nchi haijatikisika. Ulitaka apige kidole chini?

Hoja hii sina jibu lake kamili, na msomaji asinitake nijifanye ninalo. Kuna amani tuliyoipata kwa watu waliojua kukabidhi. Nimekaa na wakimbizi mara nyingi mno kuweza kuidharau. Nachingwea yenyewe, pale Farm 17, iliwahi kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Wazee wake wanajua nchi iliyovunjika inanukaje.

MPWA: Mjomba, Kawawa alikabidhi ofisi. Sijasema Majaliwa angekataa kukabidhi chochote. Mimi nazungumzia kusema. Na usiniambie kwetu haiwezekani. Februari 2008 kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond mpaka Waziri Mkuu Lowassa, wa CCM, akajiuzulu. Nchi haikuvunjika. Nape na Hawa Ghasia walisema 2018. Nchi haikuvunjika. Halafu Machi 12, 2021, Njombe, baada ya swala ya Ijumaa, Waziri Mkuu wetu akawaambia watu kwamba Rais Magufuli ni mzima na anachapa kazi. Machi 17 tukatangaziwa msiba.

MJOMBA: Hujui aliambiwa nini. Hujui alijua nini.

MPWA: Sijui. Na sitamzulia. Ninachojua ni kwamba watu walikuwa wanauliza kwa hofu, wakajibiwa kama watoto. Angeweza kusema, "Nitawapa taarifa nikiwa nayo." Kunyamaza nako kuna daraja zake.

MJOMBA: Mbele ya msiba mzee wa ukoo husema mgonjwa hajambo, mpaka watu wakusanyike. Umewahi kuona.

MPWA: Nimewahi. Husema hivyo kwa wageni, mjomba. Wenye mgonjwa huambiwa.

Katika jibu hilo ndipo nilipo mimi. Nampa mjomba Kawawa wake, nampa lami yake na Namungo yake, nampa hata tani 500,000. Lakini wananchi si wageni katika nyumba ya serikali. Ndio wenye mgonjwa. Kosa kubwa silioni kwa Majaliwa kama mtu, ambaye kwa ushahidi wa kazi zake ni mchapakazi, mpole na asiyejikweza. Naliona katika namna tulivyozoea kumpima mjumbe wetu kwa alichotuletea kutoka juu, wala hatumuulizi alipeleka nini kutoka chini. Jimbo likipata Waziri Mkuu tunashangilia. Hatuhesabu kwamba siku hiyo hiyo limepoteza mtu wa kusema hapana.

MAMA: Mwaka 2020 mbunge sikumpigia kura. Si kwamba sikutaka, kaka. Nilifika kituoni, nikapewa karatasi ya Rais, nikauliza ya mbunge iko wapi. Nikaambiwa amepita bila kupingwa.

MJOMBA: Hakupata mpinzani.

MAMA: Mimi nilikuwa nimpe kura yangu yeye yule. Nilitaka kumpa. Mtu akichukua kitu ambacho ungempa mwenyewe, unabaki umeshika mkono hewani.

Maneno hayo yalikaa barazani kwa muda. Mwanzoni mwa Julai 2025, fomu za chama zikiwa zinarudishwa, Majaliwa alitangaza kwamba hatagombea tena Ruangwa. Hakulaumu mtu, hakukusanya watu wake. Kwa mjomba huo ni uthibitisho wa kila alichosema: mtu anaondoka kama Kawawa. Novemba nchi ikapata Waziri Mkuu mwingine, Mwigulu Nchemba, kutoka Iramba Magharibi, Singida.

MPWA: Kwa hiyo sasa zamu ni ya Iramba.

MJOMBA: Iramba nao ni Watanzania.

MPWA: Na Liwale.

MJOMBA: Na Liwale. Sawa. Na Liwale.

Alisema hivyo polepole, akitazama upande wa Nachingwea. Kisha akaanza kusimulia reli, ambayo yeye mwenyewe aliikuta imeshaondoka, lakini baba yake alifanya kazi katika tuta lile. Alisema kilichomsumbua baba yake mpaka anakufa si kwamba reli iliondolewa. Karanga zilishindwa, mizigo haikuwapo, hasara alikuwa anaielewa. Kilichomsumbua ni kwamba asubuhi moja walikuja watu na kuanza kulegeza vyuma, na katika vijiji vyote vya njia ile hakukuwa na mtu aliyekuwa ameulizwa.

MAMA: Jumamosi chama cha msingi kina mkutano. Kwenye karatasi ya malipo kuna makato sita. Mawili siyajui.

MJOMBA: Nitakwenda nikuulizie.

MAMA: Mwache huyu aulize. Wewe uliwahi kuwa karani pale, mwenyekiti ni rafiki yako, utaanza kwa salamu mpaka mvua inyeshe.

Mjomba akamtazama mpwa wake kwa muda mrefu. Kisha akaomba hiyo karatasi, akavaa miwani, akaanza kumwonyesha kwa kidole mstari mmoja mmoja: hili ni la usafirishaji, hili la ghala, hili la chama kikuu. Alipofika kwenye mawili yale akasimama. Naye hakuyajua.